Benchi la Nyuma

Mama alikiona kitabu kabla sijakificha. Alikuwa amefika na basi la asubuhi kutoka Nakuru kumchukua mjukuu wake kwa likizo ya Agosti. Akavua viatu mlangoni, akaweka gunia dogo la viazi kando ya jiko, na kabla chai haijachemka alikuwa kwenye kochi, miwani puani, akisoma jalada kwa sauti vile alivyokuwa akiwasomea watoto wa darasa la tatu miaka hiyo yote. Holy Hurt.

"Jeraha takatifu," akasema. "Sasa jeraha linakuwaje takatifu?"

Nikamwambia ni cha rafiki yangu. Nina miaka thelathini, nalipa rent yangu, na bado nilimdanganya mama kuhusu kitabu kama mtoto wa form two.

Kitabu ni cha Hillary McBride, mwanasaikolojia wa Kanada, kilitoka 2025. Nilikiagiza kwa dada mmoja anayeuza vitabu mtandaoni, nikangoja karibu wiki tano. Ni cha nne cha aina hiyo kwenye rafu yangu. Kuna When Religion Hurts You cha Laura Anderson, cha 2023. Kuna Field Notes for the Wilderness cha Sarah Bessey, cha 2024. Na kuna kile kilichonianzisha, Searching for Sunday cha Rachel Held Evans, cha 2015, ambacho nilikisoma kwenye simu, PDF niliyotumiwa na mtu, halafu nikakinunua baadaye kwa sababu niliona aibu kuwa nimekiiba.

Ukipita kwa wauza vitabu vya mtumba katikati ya jiji, hivi hutavikuta. Pale utakuta Joyce Meyer, T.D. Jakes, Myles Munroe, wamepangwa kwenye gunia sakafuni, vitabu vya kukuambia uinuke, uamini, upokee. Sividharau. Mama aliwahi kuvuka mwaka mbaya sana na kimoja chao. Lakini vitabu vya watu walioumizwa ndani ya kanisa lenyewe, hivyo tunavitafuta kama dawa ya ugonjwa wa aibu, kwa kunong'onezana.

Yangu ni hii. Mwaka wa 2015 nilikuwa mwaka wa pili chuoni nikapata mimba. Nilikuwa naimba kwaya, sauti ya pili. Mama alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Wazee wa kanisa waliniita ofisini siku ya Alhamisi, wanaume watatu na meza, na Jumapili iliyofuata barua ikasomwa wakati wa matangazo. Kabla yake kulikuwa na mchango wa choo kipya cha watoto wa shule ya Jumapili. Baada yake, orodha ya wagonjwa. Hayo mawili nayakumbuka kuliko barua yenyewe. Kwenye barua nakumbuka vipande tu: kwamba nimeanguka dhambini, kwamba nimewakwaza washirika, kwamba nitakaa benchi la nyuma kwa miezi sita, nisikaribie Meza ya Bwana, nisiimbe kwaya, na kwamba mtoto atakayezaliwa hatabatizwa mpaka mimi nisimame mbele nitubu ndipo nirudishwe kundini.

Aliyeisoma alikuwa jirani yetu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Aliyenipa mimba alikuwa kwenye kinanda. Hakuna barua yake iliyosomwa. Alipiga kinanda Jumapili hiyo, akapiga na iliyofuata. Ni kweli sikumtaja kwa wazee, ila pia hakuna mzee aliyeniuliza. Nilikaa benchi la nyuma Jumapili mbili. Ya tatu nilipanda matatu nikarudi Nairobi, na sikuingia tena kwenye jengo lile.

Miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo hadithi yote, na kwamba imeisha. Kile ambacho sikuelewa ni mikono yangu. Mtu akishika maikrofoni akasema "na sasa tusikilize matangazo", mikono inakuwa baridi kama nimeshika barafu. Kwenye harusi. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu. Siku moja kwenye supermarket, sauti kwenye spika ikimwita mwenye gari fulani alisogeze, mimi nimeacha trolley na maziwa ndani nikatoka nje. Nilidhani ni wazimu mdogo wa kibinafsi, kitu cha kuombewa ama cha kunyamaziwa.

McBride ndiye aliyenionyesha kwamba mwili hauhitaji ruhusa yangu kukumbuka. Anaandika juu ya jeraha la kiroho kama kitu kinachokaa mwilini, si wazo baya kichwani ambalo ukipewa mstari mzuri wa kulijibu linaondoka. Anderson naye alinisaidia kwa jambo lingine. Mwaka ule kitabu chake kilipotoka, 2023, ndio mwaka tulioanza kusikia habari za Shakahola, kule Kilifi, na miili ikafukuliwa msituni mpaka ikapita 400. Ofisini watu walikuwa wanauliza mtu anakuwaje mjinga hivyo, afunge mpaka afe kwa sababu ameambiwa na mhubiri. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa najua vizuri jinsi mtu anavyokaa mahali alipoambiwa akae. Lakini pia niliona haya: watu wamezika watoto, na mimi nalia kwa sababu ya benchi? Anderson anasema kwa njia yake kwamba kiwewe hakipimwi kwa ukubwa wa tukio pekee; kinapimwa pia kwa vile mwili ulivyolipokea na kama ulipata pa kukimbilia. Na hakuahidi kwamba kuna siku utaamka umepona ukamaliza. Hilo nililipenda. Nilikuwa nimechoka na watu wanaoahidi siku.

Basi navipenda vitabu hivi. Lakini kuna mahali vinaniacha stendi.

Vingi vimeandikwa na watu ambao, wakitoka kanisani, wanatoka kweli. Jumapili asubuhi wanabaki nyumbani na kahawa na ukimya. Bessey anaita hali hiyo nyika, anaizungumzia kwa upole, na mimi nikiwa kitandani kwangu Kasarani najiuliza nyika hiyo iko wapi, maana hapa Jumapili ndiyo hukuja kukutafuta. Kuna makanisa matatu kwenye barabara yetu na kila moja lina spika zinazotazama gorofa yetu. Ijumaa kuna kesha. Kwenye matatu ya kwenda tao anapanda mhubiri Roysambu, anashukia Pangani, ameshatuombea sote pamoja na dereva. Salonist wangu hawezi kusuka bila gospel. Sensa ya 2019 ilituhesabu Wakristo kuwa takriban asilimia 85 ya nchi. Ukitoka, unatoka uende wapi?

Na hata hiyo kelele si kitu. Kitu ni mazishi ya baba.

Baba alifariki 2022. Nilifika nyumbani usiku, na kabla sijashuka kwenye teksi niliona taa na hema. Wanawake wa kile kikundi walikuwa wamekaa kwa duara nyuma ya nyumba wakimenya viazi, sufuria za kanisa zimepangwa kando ya tangi. Mmoja wao akasimama, akajifuta mikono kwenye leso, akanikumbatia bila kusema lolote, kwa muda mrefu. Huyo alikuwa amekaa safu ya pili siku ya barua. Wiki nzima walikuja. Walipika, waliosha, walilala kwenye magodoro sebuleni na mama ili asilale peke yake. Kamati ya mazishi ilikuwa yao, daftari la michango lilikuwa lao. Na siku ya kutoa mwili mochari, pikapu iliyombeba baba iliendeshwa na yule yule jirani, mzee aliyesoma barua. Aliendesha pole pole sana. Kwenye matuta alikuwa karibu anasimama kabisa, kana kwamba baba angeweza kuumia.

Nilikuwa nimekaa mbele, kando yake. Tulienda njia nzima bila kuzungumza. Nilimchukia na nilimshukuru kwa wakati mmoja na kifua changu kilikuwa hakitoshi kwa vyote viwili.

Hakuna sura ya jambo hilo kwenye vitabu vyangu vinne. Nimetafuta. Kuna sura za kuweka mipaka, kuna sura za kupata jamii mpya. Jamii mpya nimejaribu: tuko watu sita kwenye grupu la WhatsApp, tunasomeana, tunacheka, tunatumiana PDF. Nawapenda. Lakini sisi sita hatuna hema. Mshauri naye nilimuuliza bei, saa moja ni elfu tatu na mia tano, na anapatikana Westlands.

John Mbiti, yule padri wa Kianglikana kutoka Kitui, aliandika mwaka wa 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba kwa wazee wetu dini haikuwa koti la mtu mmoja la kuvaa na kuvua. Ilikuwa ya watu wote, na kuiacha ilikuwa sawa na kujikata kutoka kwa watu wako. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani anasifu. Siku hizi naisoma kama onyo pia. Na si kwamba jeraha hili lililetwa na vitabu vya Wazungu, kama mjomba wangu anavyopenda kusema. Ngũgĩ alishaliandika 1965 kwenye The River Between: Joshua mhubiri anamkana Muthoni, binti yake mwenyewe, na binti anapokufa baba anakaza shingo. Tumeijua hadithi hiyo muda wote. Tulikuwa tunaiandikia insha na kupewa alama.

Turudi kwa kochi.

Mama hakuamini habari ya rafiki. Alinywa chai yake, akafungua kitabu katikati, akasoma, akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine. Binti yangu alikuwa anapakia begi na kutangaza kila kitu anachopakia. Baadaye mama akauliza, bila kuniangalia, "Hii kitu kwa Kiswahili tunaiitaje?"

Nikamwambia watu husema kiwewe. Wengine, jeraha la kidini.

"Hapana," akasema. "Hayo ni maneno ya redio. Hii ni kukwazwa. Hiki ni kitabu cha watu waliokwazwa."

Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini. Neno lile nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote likielekea upande mmoja tu. Msichana akivaa suruali amewakwaza wazee. Kijana akisuka rasta amewakwaza wazazi. Mimi na tumbo langu nilikuwa nimewakwaza washirika, mia nne hivi, wote wakajikwaa kwangu, mimi nikiwa kilo hamsini na mbili. Haikuwahi kunijia kwamba neno hilo linaweza kugeuzwa. Kwamba kanisa linaweza kuwa jiwe, na mimi niwe mguu.

"Kwani wewe unajua?" nikamuuliza.

"Najua nini?"

"Kwamba nilikwazwa."

Mama alivua miwani. Huwa anaivua akitaka kukasirika vizuri. "Mimi nilikuwa pale," akasema. "Ama ulidhani nilikuwa wapi?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo kumbe binti yangu alikuwa anajua. Jumapili ile ya tatu, nilipopanda matatu, mama aliingia kanisani akapita kiti chake cha kawaida, safu ya tatu upande wa akina mama, akarudi akakaa benchi la nyuma. Mzee mmoja akamwendea akamwambia mama, barua si yako. Akajibu anajua kusoma. Alikaa pale miezi sita. Uhazina aliurudisha, na daftari, na muhuri. Na miezi sita ilipoisha, hakusogea.

Nilianza kulia, nikidhani ni kwa ajili yangu, ni kama amenitumikia kifungo. Akanikatiza.

"Wacha hiyo. Sikukaa kwa niaba yako. Nilikuwa nimekasirika. Ningekaa mbele na hasira ile ningemrushia mtu kitabu cha nyimbo." Akavaa miwani tena. "Halafu nikapazoea. Kuko karibu na mlango. Kuna hewa."

"Shosho hukaa nyuma siku zote," binti yangu akasema kutoka chumbani. "Si nilikwambia?"

Aliniambia. Alikuwa na miaka sita ama saba, akaniambia mimi na shosho hukaa nyuma, na mimi nikasikia habari za viti.

Sikutaka mama anisamehe kirahisi wala mimi nimsamehe kirahisi, kwa hivyo niliuliza lile swali. Kwa nini hakutoka? Ikiwa alikasirika hivyo, kwa nini alibaki na watu wale? Akasema mchungaji aliyekuwepo wakati ule alihamishwa miaka miwili baadaye, akaja mwingine, naye akahamishwa. "Vitabu vyako vinaongea ni kama kanisa ni la mchungaji. Wachungaji wanapita. Kanisa ni sisi tunaoosha sufuria."

"Na barua ilisomwa na nani?" nikasema. "Si ni nyinyi? Mliokaa mkasikiliza si ni nyinyi wa sufuria?"

Hakujibu. Alinyamaza mpaka chai ikapoa, na sikumwokoa kutoka kwenye ukimya ule. Kuna wakati nadhani vitabu hivi vimenifundisha hilo tu: kumwacha mtu akae na swali.

Sababu nyingine ya safari yake ilitoka usiku, binti yangu akiwa amelala. Mtoto anataka kubatizwa. Binamu zake wote wamebatizwa, na kwenye shule ya Jumapili ameshaanza kuulizwa. Mchungaji wa sasa ni mwanamke, kijana kijana hivi, na amesema mtoto hana kosa na shosho anaweza kusimama naye. Hakuna haja ya mimi kusimama mbele. Hakuna haja ya mimi kuwepo hata kidogo, nisipotaka.

Hilo la mwisho ndilo liliniuma. Miaka kumi nimekataa kusimama mbele, na sasa mlango umefunguliwa, na hakuna anayenihitaji nipite.

Rachel Held Evans alipanga Searching for Sunday kwa kufuata sakramenti saba, na ya kwanza ni ubatizo. Usiku ule nilitoa kitabu hicho nikasoma sehemu hiyo tena. Kinachonivuta kwake ni kwamba hakuandika akiwa ametulia. Anaondoka kanisani, anarudi, anakerwa, anapenda mkate na divai, haelewi. Asubuhi mama akanikuta nimelala nacho. Akakichukua. Hakuomba. Alikifunika kwa gazeti, vile tulivyokuwa tunafunika vitabu vya shule, akakitia kwenye mkoba wake pamoja na Biblia na dawa za pressure.

Wiki mbili baadaye akanipigia, saa tatu usiku.

"Huyu msichana aliyeandika. Wanasema nyuma hapa ni mama?"

Nikamwambia alikuwa mama. Alifariki 2019, akiwa na miaka 37.

Kimya. Kisha, "Na watoto?"

"Wawili. Wadogo."

"Nani analea?"

"Baba yao."

"Haya," akasema, na nikasikia akivuta pumzi. Akaendelea kuniambia kuhusu bei ya viazi. Lakini kabla hajakata simu akasema binti yangu ameanza mazoezi ya kuzuia pumzi kwenye karai la kufulia, kwa sababu jirani yao wa kanisa lingine alizamishwa mtoni, na hataki kuamini kwamba kwetu ni kumwagiwa maji kidogo tu kichwani.

Jumapili ya mwisho ya Agosti nilienda kumchukua. Ningeweza kufika Jumamosi nikaondoka naye jioni. Nilifika Jumamosi nikalala. Asubuhi nilivaa suruali, nikaivua, nikaivaa tena. Mama aliniangalia akasema tunachelewa.

Benchi la nyuma lilikuwa lile lile, ama lilifanana. Kuko karibu na mlango, na kuna hewa kweli. Yule mzee alikuwa mbele, amezeeka, fimbo kando yake. Kwenye kinanda alikuwa mvulana nisiyemjua. Wimbo wa kwanza niliimba, sauti ya pili, bila kukusudia. Binti yangu akageuka kunitazama kama mtu aliyegundua mama yake anaongea Kichina. Maombi yalipita. Sadaka ikapita. Kisha mwanamke mmoja akapanda na karatasi mkononi, akagonga maikrofoni, akasema tusikilize matangazo, na mikono ikaanza.

Nilitoka nje. Sikukimbia. Nilisimama kando ya tangi la maji, mikono kwenye ukuta wenye jua, na kwa kuwa spika iko nje pia, nilisikia yote. Kuna mchango wa mabati. Funguo zimeokotwa. Mazishi ya mzee fulani ni Alhamisi, akina mama wakutane Jumatano saa nane, waje na visu. Wanaotaka watoto wao wabatizwe Oktoba waandikishe majina leo, baada ya ibada.

Binti yangu alitoka akanipata pale. Alikuwa amekunja uso kwa jua.

"Mami, shosho anauliza kama unarudi ama tukuletee mkoba."

Nikatazama mikono. Ilikuwa bado baridi, lakini nilikuwa nayahisi mawe ya ukuta.

"Mwambie aniachie nafasi," nikasema. "Upande wa mlango."